Mzee wa Miti Anajibu: Mvua zimerudi, mbona mwaloni ndo unakufa?

Mwezi huu barua karibu zote ni za mwaloni, sijui mmeambizana. Nimezifupisha maana wengine mmeandika kurasa tatu kabla ya kufika kwenye swali, na wengine mmetuma picha ya kitawi kimoja mnataka niseme mti mzima una nini, jamani hata daktari hapimi presha kwa kuangalia ukucha. Kitu kimoja kabla hatujaanza: mwaloni (kwa Kiingereza oak) sio mti mmoja. Kuna spishi zaidi ya 400, Mexico peke yake inazo kama 160, ipo inayopukutisha majani na ipo inayokaa kijani mwaka mzima, kwahiyo nikisema mwaloni unafanya hivi jua nasemea iliyo mingi, sio yote.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Miti. Nina mwaloni mchanga wa miaka minne, naumwagilia kila siku jioni, udongo ukiushika una unyevu kabisa. Wiki iliyopita joto lilifika 38 na sasa majani yamekuwa kahawia pembeni kote kama yameunguzwa na pasi. Mke wangu anasema ni kiu, mimi nasema ni jua. Nani kashinda? (Baba Miche)

JIBU: Marahaba Baba Miche. Mama kashinda, ila kwa pointi tu. Hiyo ni kiu kweli, tena kiu ya mti uliosimama kwenye udongo wenye maji, na hapo ndo wengi wanachanganyikiwa. Jani linapoteza maji kupitia vitundu vidogo sana vilivyo upande wake wa chini, shuleni tuliviita stomata, na anayeyavuta hayo maji ni hewa. Sasa hewa ikipata moto inakuwa na kiu kuliko mtu. Chukua hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 50, ipashe mpaka 35 bila kuiongezea mvuke wowote, nguvu yake ya kunyonya maji kwenye jani inapanda zaidi ya mara mbili na nusu. Udongo ni uleule, mizizi ni ileile, mnywaji ndo kaongezeka. Na sehemu ya jani ambayo maji huifikia mwisho ni kingo zake, ndo maana kingo zinakauka kwanza wakati katikati bado kijani.

Jua nalo lina mkono wake humo, usikate tamaa. Mti ukiona mambo magumu unafunga vile vitundu, sawa, maji yameokoka, ila umezima na feni yake, manake yale maji yanayotoka ndo yanapoza jani, na jani lililofunga linaweza kuwa na joto la nyuzi kadhaa juu ya hewa inayolizunguka. Mialoni mingi inatengeneza chakula vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30 hivi, ikishapita 35 kasi inashuka, na jani lenyewe likifika 45 kwenda 50 mitambo ya ndani inaanza kuharibika moja kwa moja. Mwaloni una ujanja wake hapo, mingi inatoa gesi inaitwa isoprini ambayo inasaidia jani kustahimili joto la ghafla, japo gesi hiyohiyo ikikutana na moshi wa magari mjini inachangia kutengeneza ozoni, yaani mti unajiokoa huku unatuchafulia hewa, na sisi ndo tumeleta moshi.

Cha kufanya: yale majani yaache, hata nusu jani la kijani bado linapika. Kumwagilia kidogokidogo kila siku acha, unaifundisha mizizi kukaa juu ambako ndo kunakauka kwanza, mwagilia mara chache lakini maji yazame. Ila kama kati ya kahawia na kijani kuna mstari wa njano, na hali inajirudia kila mwaka matawi yaleyale, hiyo inaweza kuwa bakteria anaitwa Xylella anayeziba mirija ya maji, hapo peleka majani yakapimwe, maana kwa macho tu mtabishana nyumbani mpaka kesho.

SWALI: Heshima yako Mzee. Tulikuwa na mwaloni mkubwa sana nyuma ya nyumba, babu mwenyewe aliukuta. Ukame ulikuja ukakaa miaka miwili, mti ukavumilia, hata majani haukupoteza sana. Mvua zikarudi vizuri tu, mwaka wa kwanza poa, wa pili kule juu kukaanza matawi makavu, wa tatu umekufa wote. Watu wanasema mvua zimeozesha mizizi. Inawezekanaje mti uvumilie njaa ufe kwenye shibe? (Mjukuu)

JIBU: Pole sana Mjukuu, mti kama huo ukiondoka ni kama mzee kaondoka. Hili swali ndo limenifanya niandike safu nzima ya mwaloni, kwahiyo nivumilie, jibu ni refu.

Mti wenu umeuawa na ukame. Ila umeuawa kwa mkopo, na mkopo umekuja kudaiwa mvua zikiwa zimesharudi.

Tuanze na mabomba. Ukikata mwaloni wa aina inayopukutisha majani ukauangalia vizuri, utaona vitundu kwa macho yako bila kioo, vingine vina upana wa robo milimita na zaidi. Hivyo ndo mirija ya maji ya mwanzo wa msimu, na kwa miti ni mipana sana. Faida yake ni kubwa kwelikweli, maana mrija ukiwa na upana mara mbili unapitisha maji mara 16, ndo fizikia ilivyo. Ubaya ni kwamba maji kwenye mti hayasukumwi kutoka chini, yanavutwa kutoka juu na yale majani, mfano wa kunywa kwa mrija. Mchana wa ukame mkali huo mvuto unaweza kufika mara 20 hadi 30 ya kanieneo ya hewa, kama mara kumi au zaidi ya presha ya tairi la gari dogo, ila hii ni ya kuvuta sio ya kusukuma. Ikizidi, hewa inapenya ndani, uzi wa maji unakatika, mrija unajaa povu na biashara imeisha hapo. Na mirija mipana inakatika mapema kuliko myembamba. Kwenye nchi zenye baridi kali barafu nayo inafanya kazi hiyohiyo, maji yakiganda yanaacha mapovu, yakiyeyuka mapovu yanabaki.

Kwahiyo mwaloni wa namna hii karibu kila mwaka unaanza upya. Majira ya kuchipua yakifika, majani hayajafunguka vizuri, mti unajenga mirija mipya, na sehemu kubwa ya maji ya mwaka huo itapita kwenye mirija hiyo ya mwaka huo. Jiulize sasa, unajenga kwa chakula gani wakati majani hakuna? Kwa wanga uliowekwa akiba mwaka jana kwenye mizizi na shina. Hapo ndo penyewe Mjukuu.

Mwaka wa kwanza wa ukame mti unapika kidogo, unakula akiba. Tena mwaloni una tabia ya kucheza kamari, miti mingine ikiona kiu inafunga vitundu haraka, mialoni mingi inaendelea kuviacha wazi muda mrefu ikitegemea mizizi mirefu itapata kitu huko chini. Mara nyingi inashinda hiyo kamari, ndo maana mliona majani yapo. Mwaka wa pili unajenga mirija michache zaidi kwa akiba iliyopungua, majani yanakuwa madogo na machache, sukari inapungua tena, na chini ya ardhi ile mizizi midogomidogo kama nyuzi, ambayo ndo midomo yenyewe, imekufa mingi. Mvua inakuja. Chakula mezani, midomo hakuna. Na kujenga midomo upya kunahitaji wanga, ambao umeshaliwa.

Alafu ndo wanakuja wadai. Kuna mbawakawa wa jamii ya Agrilus, wembamba wanang'aa, watoto wao ni bungua wanaotembea chini ya gome wakila tabaka linaloshusha sukari kwenda mizizini. Mti wenye nguvu unapambana nao, mti uliochoka unawavutia kabisa, yaani ni kama wanasikia harufu ya kufilisika. Ukikuta kwenye gome tundu dogo lenye umbo la herufi D, hao ndo wameshatoka. Chini nako kuna kuvu inaitwa Armillaria, inaota uyoga wa rangi ya asali kwenye kisiki, hiyo inakaa na mti miaka mingi bila kuuweza, ila mti ukianza kubadilisha wanga wa mizizini kuwa sukari ili uishi, kuvu inapata karamu. Watu wakiona uyoga na mizizi imeoza wanasema mvua zimeozesha. Kuvu ndo ilimalizia, sawa, lakini mlango ulifunguliwa miaka miwili mitatu nyuma yake.

Hiki mlichoona ni cha kawaida kabisa, mialoni mingi inakufa kati ya mwaka wa pili na wa tano baada ya ukame. Milima ya Ozark kule Marekani, Arkansas na Missouri, ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifuatiwa na miaka ya vifo vya mialoni myekundu, ambalo ni kundi moja la mialoni, na bungua wa aina nyingine walikuwa wengi ajabu. Texas wao hawakusubiri sana, ukame wa 2011 ulikuwa mkali na wa joto mno, watu wa misitu wakakadiria miti kama milioni 300 ya aina zote imekufa, na kwenye mialoni mingi ikaonekana kuvu nyingine inayobandua gome na kuacha ganda jeusi au la kijivu, kuvu ambayo ilikuwa imelala humohumo ndani ikisubiri mti ukauke kidogo.

Niseme pia hao wanaosema mvua zimeozesha mizizi hawajakosea kila mahali. Hispania na Ureno mialoni yao ya kijani na ile ya gome la kutengenezea vizibo vya chupa inakufa kwa mchanganyiko wa vitu viwili, udongo kujaa maji majira ya mvua ambapo kijidudu cha Phytophthora kinaogelea na kula mizizi, alafu kiangazi kikija mti hauna mizizi ya kutafutia maji. Kwahiyo maji mengi yanaweza kuua mwaloni kwa kiu. Ila kwa jinsi ulivyoeleza, matawi ya juu kwanza na polepole kwa miaka, mi naweka lawama kwenye ukame.

SWALI: Mzee, mimi fundi seremala. Nimepata mbao za mwaloni ulioota sehemu kavu, pete zimebanana sana. Nilitegemea ziwe ngumu kama chuma manake mti umekua polepole, lakini ni nyepesi na inavunjika vibaya. Nimepigwa? (Fundi)

JIBU: Hujapigwa Fundi, mwaloni ndo ulivyo, unafanya kinyume na misonobari. Kila pete, yaani ukuaji wa mwaka mmoja, ina sehemu mbili, ile ya mwanzo yenye vitundu vikubwa na ile ya baadae iliyoshikana ngumu. Ya mwanzo mti lazima uijenge hata ukiwa taabani, maana bila hiyo hakuna maji, kwahiyo upana wake haubadiliki sana. Ukame unapunguza ile ya pili. Pete nyembamba basi ni vitundu tupu vimepangana, mbao inakuwa kama sponji. Ukitaka mwaloni mgumu tafuta wenye pete pana kiasi.

Na kama una kipande cha mwaloni mwekundu hapo karakana, kikate kifupi, chovya upande mmoja kwenye maji ya sabuni, puliza upande wa pili, utaona mapovu yanatoka. Mweupe haupulizi hivyo kwasababu mirija yake ya zamani huwa inajiziba kwa vifuniko vya ndani, ndo maana mapipa yanatengenezwa kwa mweupe. Pete hizohizo ni kumbukumbu pia, kwenye ukame wa California ulioanza 2012 watafiti walisoma pete za mialoni ya buluu kupima ukame ule una ukubwa gani ukilinganisha na wa karne zilizopita, maana mti ule pete zake zinafuata mvua kwa karibu sana.

SWALI: Nimwagilie mwaloni mkubwa au nisimwagilie? Kila mtu anasema lake. (Dada wa Ndoo)

JIBU: Inategemea kama mti umezoea kiangazi kikavu au la, na hapa naomba usome mpaka mwisho dada yangu maana nusu ya jibu inaua.

Kama ni mwaloni wa sehemu ambazo kawaida mvua hunyesha hata majira ya joto, na mwaka huu imegoma, upe maji. Sio kwenye shina. Shina halinywi. Mizizi inayokunywa iko mbali, ukingo wa kivuli cha matawi na kupita hapo, inaweza kwenda mara mbili mpaka tatu ya urefu wa matawi, na mingi iko ndani ya nusu mita ya juu ya udongo. Acha mpira utoe maji polepole mpaka yazame sentimita 25 au 30, alafu subiri wiki mbili au zaidi ndo urudie. Funika udongo kwa matandazo ya vipande vya mbao au majani makavu, sentimita 5 hadi 10, ila yasiguse shina kabisa, nikiona tena mtu kapanga matandazo kama kichuguu kwenye shina nitalia. Mbolea ya naitrojeni weka pembeni, inauamrisha mti uote majani mapya wakati hauna maji ya kuyalisha. Na magari yasipaki chini yake, udongo ukishindiliwa hata mvua ikija haiingii.

Kama ni mialoni ya sehemu kama California, ambayo tangu asili majira ya joto ni makavu kabisa, kumwagilia karibu na shina wakati wa joto ni hatari, udongo wa moto wenye maji ndo raha ya Phytophthora na ile Armillaria. Hiyo ukitaka kuisaidia baada ya mvua kukosekana, ongezea maji majira ya baridi au mwanzo wa kuchipua, na mbali na shina. Nilishashuhudia bustani nzuri ya majani mabichi ikipandwa chini ya mwaloni wa zamani uliozoea ukavu, ikamwagiliwa kila siku kwa mapenzi yote, na mti ukaondoka kabla bustani haijanoga.

SWALI: Mwaka huu mwaloni wetu umemwaga mbegu mpaka tunateleza. Jirani kasema mti ukikaribia kufa huzaa sana ili kuacha watoto, tuanze kuaga? (Mama wa Pili)

JIBU: Msiage. Hiyo imani ipo kila mahali na mimi siikubali. Mialoni ina miaka ya mavuno makubwa na miaka ya patupu, na mara nyingi inakubaliana eneo zima, sasa miti yote ya eneo haiwezi kuwa inakufa pamoja. Kinachoamua zaidi ni akiba iliyopo na hali ya hewa wakati wa maua, manake maua yake yanachavushwa na upepo, hewa ikiwa kavu na ya joto kidogo chavua inasafiri vizuri. Ukame mkali kawaida unafanya kinyume, mti unaangusha mbegu changa kabla hazijakomaa. Tena kwa mialoni myekundu mbegu inachukua misimu miwili kukomaa, kwahiyo unazoteleza nazo leo huenda ni maua ya mwaka jana, hazikupi habari za mwaka huu.

Ukitaka kupanda, panda mapema, mbegu ya mwaloni haikaushwi ikawekwa kama nafaka, ikipoteza maji mengi imekufa.

SWALI: Majira ya baridi yakiisha mapema si ndo vizuri, mti unapata muda mrefu wa kukua? (Mwanafunzi)

JIBU: Wakati mwingine ndiyo. Kule Surrey, Uingereza, kuna kumbukumbu za tarehe ya mwaloni kufungua majani zilizoanza 1947, na siku hizi unafungua wiki kadhaa mapema kuliko miaka ya 1950. Shida ni kwamba baridi ya kuchelewa inaweza kurudi usiku mmoja ikaunguza majani yote machanga, mti unalazimika kutoa mengine kwa akiba ileile niliyomweleza Mjukuu hapo juu. Na ukiamka mapema unaanza kunywa mapema, ukifika katikati ya joto udongo umeshanyonywa.

SWALI: Mwaloni wangu umepukutisha majani yote katikati ya kiangazi. Fundi wa miti kaja na msumeno, nimemwambia asubiri nikuulize wewe kwanza. (Mwenye Haraka)

JIBU: Umefanya la maana kumsimamisha. Mwaloni wa buluu wa California, kwa mfano, kwenye kiangazi kibaya unaangusha majani mapema kwa makusudi, unalala, alafu msimu ukibadilika unachipua kama hakuna kilichotokea. Nao una mizizi iliyowahi kufuatwa kwenye nyufa za mwamba mpaka zaidi ya mita 20 chini. Mwaloni wa kawaida wa Ulaya, Quercus robur, hauna uvumilivu huo, unapenda udongo wenye unyevu, ndugu yake petraea anauzidi kidogo kwa ukavu, na ule wa kijani wa Mediterania wenye majani madogo magumu anawazidi wote wawili.

Kuna kisa kimoja kibaya zaidi cha kukiondoa kwanza: kama ni mwaloni mwekundu na majani yameanguka ndani ya wiki chache kuanzia juu, mengine yakiwa bado na kijani, na uko Marekani, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa mnyauko unaoenezwa na kuvu, ita mtaalamu wa magonjwa haraka maana unapita kwenye mizizi iliyoungana mpaka mti wa jirani, na kukata ovyo majira ya kuchipua kunaita wadudu wanaoubeba.

Kama sio huo, chukua kitawi chembamba kama penseli, kikunje. Kikipinda bila kuvunjika kina uhai. Kwangua gome kwa ukucha, chini yake kukiwa kijani na unyevu, mwambie fundi arudishe msumeno kwenye gari. Jaribu matawi kadhaa pande zote, juu na chini, sio kimoja tu. Alafu subiri mpaka majira ya kuchipua yapite yote, na mwaka unaofuata angalia tena kule kileleni, kilele ndo kinaanza kusema ukweli.